Bunduki ya Babu na Tupa ya Mutua

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi hapa Ikutha, mwanangu, nilikuwa narudi kutoka mtoni na mtungi mgongoni, nikasikia tupa ikikwaruza chuma nyuma ya ghala. Mdogo wangu Mutua alikuwa akinoa panga hivyo. Lakini panga zetu zote zilikuwa ndani ya nyumba.

Wakati huo baba na mama walikuwa wameshafariki. Mimi kifungua mimba niliacha shule kabla sijajua hesabu vizuri, nikawalea wadogo zangu. Sijuti. Ila yatima hujifunza mapema kuogopa serikali, maana hana wa kumsemea.

Mutua alikuwa akibomoa nyumba ya babu iliyoliwa na mchwa. Juu darini, ndani ya ngozi ya ng'ombe, akakuta bunduki. Na chifu alikuwa ametoka tu kutangaza barazani kwamba mwenye silaha aipeleke kituoni, la sivyo atafungwa.

"Dada, ilikuwa na chapa ya serikali," akaniambia nilipomkuta nyuma ya ghala, jasho likimtoka. "Taji, herufi, namba. Wangesema tuliiba. Nimezitoa zote."

"Na sasa imekuwa jembe?"

Hakucheka.

Kuuliza si ujinga, lakini Mutua alikuwa ameuliza tupa kwanza. Nilimwita jirani yetu Mzee Kilonzo, aliyepigana vita vya pili vya Wazungu, kisha akarudi nyumbani kufuga nyuki. Aliipokea bunduki kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba pale palipong'aa.

"Mutua, mizinga ya nyuki ya baba yako ina alama gani?"

"Mistari miwili na duara. Ni ya ukoo wetu."

"Ukikuta mzinga mtini, alama yake imechongwa ikatoka, utasema ni wa nani?"

"Wa mwizi."

"Hata kama ni wa baba yako?"

Mutua akaiweka tupa chini.

"Taji lile na mwaka ulioandikwa chini yake ndivyo vingekutetea," mzee akasema. "Vingesema bunduki hii ni ya zamani gani. Sasa umeifanya ya jana, tena ya jambazi."

"Basi tuitupe mtoni."

"Hapana," nikasema mimi. "Tutaipeleka." Mficha uchi hazai, mwanangu, na mimi nilikuwa na watoto wa mama yangu wa kulea.

Kituoni, askari aliona mahali palipokwaruzwa, hakutaka kusikia zaidi. Mutua akafungiwa. Mzee Kilonzo aliomba bisibisi aifungue bunduki, wakamfukuza. Tulirudi, tukafukuzwa tena. Nilikuwa nikiamka, nawapikia wadogo uji, kisha namfuata mzee barabarani, hadi mkubwa wa kituo alipochoka kutuona akatukubalia.

Mzee alifungua mbao iliyofunika mtutu kwa chini, mahali ambapo tupa haikufika. Akapangusa kutu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, polepole, kama anayemwosha mtoto uso. Taji likatokea. Halafu V na R, na mwaka.

"Herufi hizi ni za malkia wa Waingereza aliyekufa kabla babu ya kijana huyu hajaoa," akasema. "Risasi zake hata mimi jeshini sikuwahi kupewa."

Mkubwa akacheka. "Kumbe kijana amekuwa akificha mzee mwenzako!" Akaagiza Mutua afunguliwe.

Hatukusherehekea. Mvua ilikuwa imekuja ikapita, na shamba halikupandwa. Mutua alitoka na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka siku tulipomzika.

Na liko jambo lingine. Kwenye kitako cha bunduki palikuwa na kisahani cha shaba. Mzee Kilonzo alinieleza kwamba hapo ndipo jeshi lilikuwa likigonga herufi za kikosi. Kijijini wengine walisema babu alikuwa askari shujaa, wengine wakasema alikuwa mtoro aliyemwibia Mzungu wake. Kisahani kile kingetuonyesha pa kuanzia kuuliza. Mutua alikuwa amekilainisha kikawa kama kifungo cha shati. Bunduki ilibaki kituoni. Wajukuu wakiniuliza babu yangu alikuwa nani, sina la kuwajibu.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Ukikuta alama usiyoielewa, iwe kwenye chuma, kwenye mzinga, hata kwenye ukoo wako, usiifute kwa sababu inakutisha. Mtafute anayejua kuisoma. Huenda ile unayodhani inakushtaki ndiyo inayokutetea. Hofu ina mikono myepesi, lakini kilicholiwa na tupa hakirudi.

Mungu wa yatima akusimamie mahali ambapo huna wa kukusemea. Akupe moyo wa kungoja kabla mkono haujashika tupa, na jina lako lisomeke kwa wajukuu wako.