Kwa Laini ya Maji, Bulla Pesa

Juzi, pale kwa kioski cha maji Bulla Pesa, nilimwona mzee wa kanisa letu akiusukuma kwa mguu mtungi wa msichana mdogo ili wake utangulie. "Mtoto wa Yesu huvumilia," alimwambia. Msichana akauvuta mtungi wake nyuma. Damu ilinichemka.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi nilipokuwa mtoto, hapo hapo, na mwalimu wangu wa shule ya Jumapili. Jua lilichoma, mpira wa maji ulinuka plastiki ya moto, punda walilia. Mama, aliyekuwa ametoka kujifungua, alikuwa ameniambia, "Panga laini, usigombane na mtu." Basi mwalimu akapita, wenzake wakapita, nami nikazidi kuvuta mtungi wetu nyuma, nikiamini Mungu ananitazama na kufurahi. Jirani yetu Mama Halima alifoka, "Wallahi, huyu mtoto amekuja asubuhi! Rudini nyuma!" Nilimwonea huruma kwa hasira zake. Hata nikamwombea.

Maji yalikatika zamu yangu ilipofika.

Mama aliutazama mtungi mtupu, akatazama nepi za mtoto zilizorundikana kwa beseni. Maji tuliyotumia jioni ile aliyaleta Mama Halima.

Basi juzi niliubeba mtungi wa mzee, nikaupeleka mwisho kabisa wa laini. Alinitolea macho.

"Mtoto wa Yesu huvumilia, mzee," nikamwambia.