Frieda na Swali la Mlangoni

Frieda Wolchok alishona makoti ya manyoya hapa Winnipeg mpaka macho yakamkatalia, lakini sisi tulimjua zaidi kama mwosha maiti wa sinagogi letu. Wanawake wa mtaa huu waliokufa, yeye ndiye aliyewaosha na kuwavika sanda alizoshona kwa mkono, sanda zisizo na mfuko, kwani huendi na kitu. Hata mimi kazi hii alinifundisha yeye. Mwanawe wa Toronto alimpigia simu kila Jumapili kumsihi ahame, naye kila Jumapili akamjibu, "Nikihama, huku watu wajioshe wenyewe?"

Rafiki yake alikuwa Golda Shuster. Nikisema rafiki, nina maana ya wale watu wawili wasioweza kunywa chai pamoja bila kubishana, wala kuinywa kila mtu kwake.

Kisha yakaja mawe. Dirisha la kwanza lilipovunjwa tulisema ni watoto. La pili halikuwa la watoto, maana jiwe lilikuwa limefungwa karatasi yenye maneno ambayo sitayarudia. Kamati ikaamua mlango ufungwe muda wote, iwekwe kengele na spika, na kila anayebisha aulizwe jina. Golda akapewa kazi ya mlangoni. Frieda alipinga mpaka sauti ikamkauka. Alisema nyumba ya sala yenye kufuli imekuwa benki. Wengine tulinyamaza. Tulikuwa tumechoka kuogopa, tumechoka hata kuzungumzia woga wenyewe, na kufuli ilikuwa rahisi kuliko mazungumzo.

Asubuhi moja ya Januari, baridi ya kukata masikio, Frieda akabonyeza kengele. Sauti ya Golda ikatoka kwenye spika.

"Nani?"

"Nani nini? Fungua, naganda huku!"

"Sema jina, Frieda. Ndiyo kanuni."

"Si umeshalitaja mwenyewe, mwehu wewe! Miaka arobaini nakula kwako, leo unaniuliza nani?"

Akageuka, akarudi kwake. Aliapa hatauvuka mlango ule maadamu unauliza watu majina. Golda naye kichwa kigumu, hakumfuata. Ila kila nilipoonana na mmoja, aliniuliza habari za mwenzake huku akitazama pembeni. "Yule bado anakohoa?" "Yule goti lake vipi?" Ilinichosha kubeba salamu ambazo hakuna aliyekubali kwamba amezituma.

Golda alifariki mwezi wa Novemba, alfajiri ya Ijumaa, na mwanawe Benny akaenda kuandaa kaburi na gari. Ilibidi azikwe kabla Sabato haijaingia jioni ile, la sivyo alale mpaka Jumapili, na kwetu kumsubirisha maiti ni kumvunjia heshima. Kuosha ni kazi ya wanawake wanne. Tulikuwa mimi, Perl, na mdogo wake Toybe. Wengine walishahama, na waliobaki magoti yamewakatalia. Nikampigia Frieda, nikamweleza. Akauliza, "Mlango bado unauliza?"

"Bado, mama."

Akakata simu.

Tulikaa chumba cha nyuma cha sinagogi pamoja na Golda, tukitazama mwanga wa dirishani. Adhuhuri ikafika. Perl akaanza kusema tukubali tu iwe Jumapili, na sikuwa na nguvu ya kumbishia. Hapo kengele ikalia.

Nilijua ni nani. Lakini usiku wa juzi walikuwa wametupigia tena jiwe, na kanuni ni kanuni. Nikainamia spika, nikauliza kwa sauti ya chini, "Nani?"

Akajibu, "Mwosha."

Akaingia, akavua koti, hakunitazama. Alitumbukiza kiwiko kwenye ndoo, kama mtu anayetaka kumwogesha mtoto mchanga.

"Maji ya baridi haya."

"Ni vuguvugu, Frieda," Toybe akasema. "Na muda hatuna."

"Golda anachukia baridi. Chemsheni."

Tukachemsha.

Wakati wa kuosha hatupigi soga. Frieda alianza kichwani, akaja upande wa kulia, kisha wa kushoto. Tulipokwisha kumvika sanda tukafika pale ambapo marehemu huitwa kwa jina lake na la baba yake, akaombwa msamaha kama mikono yetu imemkosea. Mkubwa wetu ndiye husema.

"Golda binti Yankel, utusamehe," Frieda akaanza, akakwama. "Golda, ulijua ni mimi. Nami nilijua hukuwa na la kufanya. Ujinga wetu sote wawili."

Perl aliinamisha macho, kwa maana maneno hayo hayamo katika utaratibu.

Frieda akajibwaga kwenye kiti kilichokuwa karibu na spika. Alikuwa amechoka, hata kujifuta mikono hakuweza. Wanasema mwosha huoshwa. Akatuhesabu kwa macho, mmoja mmoja.

"Mko watatu," akasema. "Mimi mtaniosha na nani?"

Kengele ikalia. Frieda akainuka kwa kushika ukuta, akabonyeza kitufe.

"Nani?" akauliza.

"Ni Benny, mama mdogo. Nimekuja kumchukua mama."

Kidole chake kilibaki juu ya kitufe, machozi yakimtiririka, na spika ikimpelekea Benny kilio chote nje kwenye baridi. Mlango nikaufungua mimi.