Umeonekana

Tuda binti Addi alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka hamsini na minane, na siku ya kwanza aliugonga ukuta wa msikiti. Aliuziba mwenyewe kwa udongo, akarudi kwenye usukani. Basu, mumewe, aliyeendesha lori miaka thelathini katika makorongo ya Dades, alikaa kando yake roho mkononi. Angefanyaje? Macho yake mwenyewe yalikwisha kuingia ukungu, na daktari wa mjini alisema ni mishipa, si mtoto wa jicho, hakuna cha kupasua.

Miaka mitatu baadaye, alfajiri ya ishirini na tisa Shaabani, walipoondoka kijijini na Renault yao kuukuu, ukungu ulikuwa umegeuka maziwa matupu.

"Sasa kulia," Basu alisema. "Kuna jiwe limetokeza kama tumbo la mja mzito. Likwepe."

"Nimeliona, Baba Izza. Asiyeliona ni wewe."

"Kona inayofuata ina mchanga. Punguza mwendo."

"Na mchanga nao unaujuaje?"

"Ulikuwepo kabla sijakuoa."

Na kweli ulikuwepo. Tuda akapunguza mwendo, akacheka mpaka gari likayumba. Mlio wa injini uliporudi kutoka pande zote mbili, Basu akajua wameingia penye kuta nyembamba, pale ambapo hata saa sita mchana jua huchungulia tu. Akaweka mkono nje ya dirisha auhisi ubaridi wa mwamba. Alimpenda sana mwanamke huyu wakati ule, na alijiona yeye mwenyewe mwongo mkubwa.

Kwa miaka ishirini na miwili Basu ndiye aliyeuangalia mwezi kwa niaba ya kijiji. Kila mwaka, jioni ya ishirini na tisa Shaabani, alipanda darini. Akiuona, alimwambia Fakihi Zaid, naye fakihi alipeleka habari kwa wakubwa mjini. Watu walimwita Jicho. Lakini miaka mitatu ya mwisho jicho lilikuwa la Tuda. Alisimama nyuma ya mumewe, akamnong'oneza, "Ule." Basu hakuthubutu kusema uongo katika jambo la ibada, basi alibadilisha neno moja tu. Badala ya "nimeuona", alisema "umeonekana". Fakihi aliandika jina la Basu, wanaume wakampa mkono, Tuda akashuka jikoni kukoroga supu ya harira. Hakumsimanga hata siku moja, na hilo ndilo lililomkaa Basu kooni.

Binti yao Izza, fundi wa mitambo kwenye kituo cha kutazamia nyota huko milimani, ndiye aliyewaita. "Baba, darubini yetu itakuvutia mwezi mpaka puani," alisema kwenye simu. Basu aliishika ahadi hiyo kwa mikono miwili. Akiuona mwaka huu, hata mara moja, atasema "nimeuona" bila haya. Asipouona, jina la Jicho limekwisha.

Walikula mkate na mafuta ya zeituni kando ya barabara, wakavuka milima, wakafika jua likishuka. Izza aliwabusu mikono, akamkalisha baba yake kwenye kiti cha darubini. Jua likazama. Basu akagandamiza jicho kwenye kioo.

"Unaona nini, baba?"

"Maziwa."

Izza akazungusha kitu, akazungusha tena. "Na sasa?"

"Maziwa yale yale, mwanangu."

Hapo sauti ya Tuda ikaingia kutoka nje, alikosimama na shali yake kwenye upepo.

"Nyie mnahangaika na hilo bomba la nini? Si ule pale! Juu ya kilima, kushoto kidogo, umelala chali."

"Mama, hata mashine bado haijaushika!"

"Basi iambie ifuate kidole changu."

Izza akaielekeza darubini alikoonyesha mama yake, akachungulia. "Wallahi, upo," alisema taratibu. Basu akachungulia tena. Maziwa.

Simu ikalia mfukoni mwake. Alikuwa Fakihi Zaid, na nyuma yake zilisikika sauti za wanaume waliokusanyika mlangoni mwa msikiti.

"Jicho! Tupe habari. Tunafunga kesho?"

"Umeonekana," Basu alisema. Kisha, kabla fakihi hajashukuru, "Niulize nani kauona."

"Nani tena, si wewe?"

"Tuda. Na mwaka jana Tuda. Mwaka juzi, na ule wa nyuma yake, Tuda. Mimi sioni hata mkono wangu, Zaid."

Basu akaigandamiza simu sikioni.

"Mpe simu," fakihi alisema mwishowe. "Shahidi aseme mwenyewe."

Tuda aliipokea kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Mwanamke aliyegombana na ukuta wa msikiti akaushinda, sasa sauti ilimtetemeka.

"Mimi, Tuda binti Addi, nimeuona kwa macho yangu."

Akasita, akamtazama mumewe kitini.

"Na uandike hili pia, fakihi. Pa kuangalia nilifundishwa na Basu."