Begi la Shangazi Halijai

Shangazi yangu hatupi kitu, hata kwenye gemu. Katika gemu lake la kuishi porini, begi lilikuwa likijaa anaacha kuni njiani, na roho inamuuma. Basi akaweka modi, nyongeza iliyobuniwa na wachezaji wenzake, begi likawa halijai tena. Sasa huokota kila jiwe, kidole kikibofya taratibu kama anayechambua maharage.

Jana mtu wake wa kwenye gemu, aliyemlea tangu mwaka jana, alianza kuyumba kwa njaa.

“Shangazi, begini mna samaki tele. Mpe mmoja.”

“Akiba haiozi, mwanangu,” akajibu bila kugeuka.

Mtu akaanguka, akafa. Shangazi akavua miwani, akaifuta polepole, akaivaa tena.

“Maskini,” akasema. “Na samaki wote wapo.”