Jina Langu Kwenye Shukrani

Chuo kilipofungwa kwa sababu ya korona, mimi na mume wangu sote tulikuwa wahadhiri wasaidizi. Tuliishi Misugusugu na binti yetu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Dada wa kazi alirudi kwao kwa hofu ya ugonjwa. Hatukukaa chini kupanga nani atamshika mtoto. Mume wangu aliingia chumba cha pili na kompyuta yake, akafunga mlango. Mimi nikabaki sebuleni.

Nilikuwa nimewahoji wanawake wanaolima mihogo Kibuta, kule Kisarawe nilikozaliwa. Walinisimulia mambo ambayo mgeni asingeambiwa, kwa kuwa wanamjua mama yangu. Kiongozi wa mradi huo wa utafiti alikuwa profesa wa Kizungu, aliyekuwa kwao Ulaya, na vikao tulivifanya kwa video. Siku moja nikiwa naeleza niliyoyapata, binti yangu alinipanda mapajani akalia mpaka sauti yangu ikapotea.

"Pumzika kwanza, mlee mtoto," profesa aliniambia kwa upole. "Sisi huku tutaandika."

Nilimshukuru. Kwa kweli nilimshukuru.

Makala ilipotoka, waandishi walikuwa yeye na wenzake wawili, Wazungu ambao hawajawahi kukanyaga Kisarawe. Maneno ya wale mama zangu yalikuwemo, nilivyoyatafsiri mimi. Jina langu lilikuwa mwishoni kabisa, kwenye shukrani, eti nilisaidia kukusanya mahojiano. Nilimwandikia. Alijibu kwamba alitaka kunipunguzia mzigo, ila sasa imeshatoka.

Nilimgongea mume wangu nikamweleza.

"Usijali, zitakuja nyingine," alisema, macho kwenye kompyuta.

Zake zilikuja, na akapandishwa cheo. Wenzetu wa idara walikuja nyumbani kumpongeza, nikapika pilau. Mmoja wao akaniambia, "Hongera, shemeji, umemtunza." Alikuwa amesahau kwamba na mimi nafundisha pale.

Wiki hiyohiyo nilimbeba mtoto nikaenda Kibuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku anamenya mihogo, kisha akauliza, "Kwani mumeo anaishi wapi siku hizi?"

"Tupo naye nyumba moja, mama."

Alinawa mikono, akamchukua mjukuu wake, akaniambia niingie ndani nikafanye kazi yangu. Niliketi kitandani kwake nikaanza kuandika makala yangu mwenyewe kutokana na mahojiano yale, mwanangu akicheka huko uani na bibi yake.

Makala hiyo ilikubaliwa baada ya muda mrefu, nikiwa mwandishi pekee. Cheo bado sijapanda. Ujumbe wa kukubaliwa kwake niliusoma kwenye simu nikiwa kwenye foleni hospitalini Tumbi, binti yangu ana homa. Mwanamke tusiyefahamiana, aliyekaa pembeni yangu, aliniona nikitabasamu.

"Habari njema?" akauliza.

"Ndiyo," nikamwambia.

Akanipa hongera, bila kujua ya nini. Hakuna mwingine niliyemwambia siku ile.