Basi la Mlango Mmoja

Mume wangu aliendesha basi la Tabora–Sikonge miaka ishirini na kitu, na lilipotupwa kuwa chuma chakavu, akalinunua yeye. Akalivuta kwa trekta hadi kiwanjani kwetu, njia ya Kipalapala, akalipiga kofi ubavuni, akaniambia, "Mama, nyumba hiyo." Mimi nilikuwa nasubiri matofali. Jamani, matofali!

Haya, nikakubali. Tukang'oa viti vya abiria, tukapaka rangi, tukaweka kitanda chetu mbele na pazia katikati. Nyuma palikuwa pa mama yangu. Nyumba yake kule Sikonge ukuta mmoja ulikuwa umeshainama, na nilijua hautavumilia mvua nyingine. Ilikuwa lazima ahamie kwetu kabla ya mvua.

Shida ikawa mlango. Basi lina mlango mmoja wa abiria, mbele, na kufika nyuma lazima upite kitandani kwetu. Sasa kwetu sisi Wanyamwezi, wale wa zamani, mkwe na mama mkwe hawazoeani hivyo. Miaka yote ya ndoa yangu mama hajala meza moja na mume wangu, wala hajamtazama usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Hata alipopanda basi lake alikaa kiti cha mwisho, na dereva akatazama barabara. Leo eti ampite mkwewe kitandani asubuhi, na kopo la maji mkononi! Mama alisema wazi: "Bila mlango wangu siji. Afadhali ukuta uniangukie."

Nikaleta fundi wa kuchomelea, mzee wa mjini mwenye adabu zake, akate mlango huko nyuma. Mume wangu akasimama mbele ya grinda, mikono kaitanua. "Ukikata ubavu, gari limekufa."

"Lina injini?" nikamuuliza. "Lina matairi, au limekalia mawe tu? Si lilishakufa zamani?"

"Wewe hujui magari."

Fundi akazima mashine. "Mama, siwezi kukata na mwenye mali kakataa." Akanywa chai yetu, akaenda zake. Hivyo hivyo mara tatu, Agosti, Septemba, Oktoba! Kila nikifungua mdomo, bwana yule anapangusa usukani, ambao nao alikataa usitolewe, anasema tutaona. Tutaona nini? Nilichoka hadi nikawa naongea na sufuria.

Siku moja alikwenda msibani. Kwa hasira zangu nikamwita fundi yule yule, nikamwambia, kuziba hakuna aliyekataa, akizibe kile kimlango cha dereva upande wa kulia, nikapanga rafu ya vyombo pale. Hataki milango? Haya, tuipunguze.

Alasiri moja ya Novemba mvua ilimwagika, na katikati yake bodaboda ikasimama nje. Mama, kajifunika nailoni. "Ukuta umeanguka jana," akasema, akakaa kwenye ngazi ya basi.

"Ingia, mama, unalowa!"

"Mkwe yumo?"

"Yumo."

"Basi nangoja atoke."

Atokee wapi? Ngazi nyembamba, mama kaikalia yote. Amruke mama mkwe wake? Afadhali afe. Nikamwona mume wangu anakwenda kwenye kimlango chake, anapenyeza mkono nyuma ya rafu, anasukuma, anasukuma tena. Akanigeukia. "Umeziba?"

Akapanda juu ya rafu yangu, sahani zikapasuka, akajipenyeza dirishani, mzee wa miaka sitini na ushee mwenye magoti mabovu. Nikasikia kishindo matopeni.

"Mwambie mkwe wangu asilowe," akasema mama kutoka ngazini.

"Mwambie mama aingie," ikatoka sauti upande wa pili. "Na mwambie shikamoo."

"Mwambie marahaba. Na pole kwa kuanguka."

"Mnasikiana!" nikapiga kelele. "Nyie wote wawili mnasikiana!"

Mama akashika bomba la mlangoni, akapanda, akapita hadi nyuma, akafunga pazia. Mume wangu akajikunyata chini ya basi hadi mvua ikakatika, goti linavuja damu, kisha akaenda kulala kwa jirani.

Asubuhi alirudi anachechemea, na fundi nyuma yake. Akasimama nje ya dirisha la nyuma, mgongo kaligeuzia. "Muulize mama, mlango anautaka upande gani."

Miezi mitatu! Nilitamani kumpiga na mwiko.

"Mwambie upande wa jua la asubuhi," akasema mama.

Mume wangu akachukua chaki, akauchora mwenyewe, mpana kuliko nilioutaka mimi. Nikamtoa mama nje, nikamkalisha uani. "Kata," mume wangu akamwambia fundi, akaenda mbele, akakaa kwenye kiti chake cha dereva.

Nilipompelekea chai alikuwa kaushika usukani kwa mikono miwili, analia. Maneno yote ya miezi mitatu nilikuwa nayo mdomoni. Nikayameza, nikasimama pale hadi kelele za grinda zikaisha.

"Mwambie mama," akasema bila kugeuka, "mlango wake tayari."

Nikashuka, nikaenda kumwambia.