Fahali Aliyepakwa Rangi ya Kucha

Kofia ya kikauboi ya Protus ilinunuliwa katika duka la vitu vya watoto, wala hajawahi kulificha hilo. Kichwa chake ni kikubwa na kofia ni ndogo, kwa hiyo aliishonea lastiki ya kupita chini ya kidevu, na akicheka sana humwangukia puani. Ukimwona siku ya kazi juu ya folklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo, katika ghala la vigae huko Al-Sulay, pembezoni mwa Riyadh, utadhani ni mtu mnene tu mwenye hofu ya kuvunja mali ya watu. Ngoja Ijumaa ifike. Baada ya chakula cha mchana, madereva na walinzi Wakenya hutoka kila upande wa mji, wakaketi nyuma ya bweni la wafanyakazi juu ya mbao za kupangia mizigo, wakimsubiri ashike gitaa awavunje mbavu.

Anaimba kantri. Kwa nini watu wa Kitale wazipende hivyo nyimbo za wachunga ng'ombe wa Marekani, Protus amejiuliza tangu utotoni na hajapata jibu la kumtosha. Anachojua ni kwamba redio ya baba yake haikuwa na wimbo mwingine Jumapili baada ya kanisa, na kwamba alipopata gitaa lake la kwanza vidole vilikwenda huko vyenyewe. Akawa wanmani gita, yaani mtu mmoja na gitaa moja kwenye kona ya baa, katikati ya choo na jiko la nyama choma. Na enzi hizo, amini usiamini, aliimba nyimbo za huzuni tupu.

Aliyemgeuza ni mama yake. Jumamosi moja Protus alikuwa akiimba wimbo aliotunga mwenyewe, wa kijana aliyefiwa na mama. Alikuwa amefumba macho, na wanaume wazima walikuwa wakijifuta machozi kwa mikono ya makoti. Mara mama yake mzazi akaingia kufuata ufunguo wa nyumba. Akasimama mlangoni, akasikiliza ubeti mzima, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto: "Wewe Protus! Mimi nimekufa lini?"

Baa nzima ililipuka kwa kicheko. Mwenye baa alimwita Protus pembeni, akamwomba wiki ijayo aje na mama tena. Mama alikataa katakata, lakini mwanawe alikuwa ameshaonja kitu kilichomshangaza: watu walewale waliokuwa wakilia walimpenda zaidi alipoaibika mbele yao. Tangu siku hiyo kila wimbo wake una mjinga mmoja, na mjinga huyo ni yeye.

Saudia ilimpa tabu. Gitaa alilipata kwa Mfilipino aliyekuwa amemaliza mkataba akirudi kwao, kofia akaipata dukani, lakini mtu anayeshinda juu ya folklifti na kulala bwenini haaibiki vya kutosha. Nyimbo zikamwishia. Ndipo alipoanza kuuliza. Ewe msomaji, usikae karibu na Protus kama una jambo hutaki lijulikane! Ukichechemea, atauliza kiatu kilinunuliwa wapi na nani alikuwepo. Ukinyamaza, ataketi kando yako akanyamaza nawe mpaka uchoke. Na ukishamsimulia, anabeba kisa chako chote, anakivaa kama shati, anasimama Ijumaa na kukiimba: mimi, mimi, mimi.

Cha Fred kilikuwa cha kwanza. Fred ni dereva wa nyumbani. Siku moja nje ya duka kubwa mama mmoja mwenye baibui nyeusi na nikabu alifungua mlango wa nyuma, akaketi, akasema yalla. Fred akatia gia. Walizunguka nusu ya Riyadh, mama akimfokea kwa kupotea njia, mpaka simu ya Fred ilipolia, na aliyekuwa akipiga ni madam wake mwenyewe, bado amesimama pale dukani na mifuko. Fred karibu afukuzwe, na kwa muda mrefu hakuthubutu kumwambia mtu. Protus alipoimba kwamba yeye ndiye aliyempeleka madam wa watu kusikojulikana, Fred ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Ati wewe Protus," alipayuka, "macho yako yalikuwa likizo?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya kazi, na Protus aliishika kama kiapo: kisa ni chako, aibu ni yangu, na jina lako silitaji hata nikipewa bure ikama, kile kibali cha kuishi Saudia. Watu walimletea visa kwa sababu hiyo tu. Angemtaja mmoja, wote wangefunga midomo, na yeye angebaki mtu mnene mwenye kofia ya mtoto.

Hezron ndiye aliyechelewa kuliko wote. Alikuwa mlinzi wa lango la ghala, mtu mpole kupita kiasi, asiyepigiwa simu wala kupiga. Protus alimdadisi miezi na miezi. Mwishowe, alasiri moja, Hezron alimjia na vikombe viwili vya chai, akasimulia huku akiangalia lango.

Kwao ni upande wa Shinyalu, huko Kakamega, ambako fahali hupiganishwa uwanjani na mwenye mshindi hubebwa juujuu kama mbunge mpya. Dada yake alikuwa ameposwa, na wakwe wakaleta mahari, na kati ya mahari hiyo kulikuwa na fahali mweusi mzuri wa kutazamwa. Hezron alimtazama sana. Fahali wa kupigana hulelewa miaka kwa kazi hiyo. Huyu alikuwa mtulivu wa kula majani tu. Lakini Hezron alitaka kubebwa juujuu walau siku moja. Alichukua rangi nyekundu ya kucha ya dada yake, akampaka fahali pembe zote mbili ili aogopwe, akamtoa alfajiri kwa siri, akampeleka uwanjani. Fahali alimwona mwenzake, akakojoa, akageuka. Alipita katikati ya wapuliza pembe, akaangusha kibanda cha mama wa chapati, akavuka mto na kutokomea katika miwa. Wazee wa wakwe walikuwepo, wanaona. Hezron hakurudi nyumbani hata kuchukua viatu. Alitupa laini ya simu, akaenda Nairobi, kisha Saudia.

"Nilivunja ndoa ya dada yangu," alisema. "Imba ukitaka, watu wacheke, pengine nami nitacheka. Lakini mtu wa kwetu asijue niko hapa. Kule Dammam mtu mmoja alinitambua, nikahama wiki hiyohiyo. Nikisikia mtu amenitafuta, nahama tena. Halas, basi."

Ijumaa iliyofuata Protus aliimba kwamba alimpaka ndume rangi ya kucha. Watu waliviringika chini. Kule langoni Hezron alicheka mpaka akashika ukuta, na wengine wakaulizana kama kumbe yule mlinzi ana meno. Mtu akarekodi, akatuma kwenye kundi lao la simu, na baada ya wiki chache wimbo ulikuwa ukiimbwa jikoni Makka, Tabuk na Jeddah.

Ndivyo mwaliko wa Jeddah ulivyokuja. Zeinab, mwanamke wa Mombasa mwenye ulimi wa kuwalainisha hata mabosi, alikuwa amewaombea wenzake wa kazi za nyumbani ruhusa ya alasiri moja kutoka kwa madam mbalimbali. Protus alipanda lori la vigae la dereva Bonface, akakaa na gitaa magotini mpaka mtaa wa Al-Baghdadiyah huko Jeddah. Akaimba juu ya paa la nyumba ya wafanyakazi, kati ya matangi ya maji na nguo zilizoanikwa, wanawake wakicheka kwa pupa ya watu wanaojua wataitwa wakati wowote.

Mmoja hakucheka. Wimbo wa fahali ulipofika kwenye rangi ya kucha, alifunika mdomo kwa mkono na kubaki hivyo. Protus alimwona. Wengine walipokwenda kula, mwanamke huyo alimjia.

"Kaka, mimi naitwa Rosebellah. Hiyo ndume ni yako?"

"Ni yangu, dada. Mjinga ni mimi."

"Wewe ni wa Kitale, nimesikia unavyoongea. Na ile rangi ya kucha ilikuwa yangu." Akamshika mkono wa shati. "Watu waliona pembe nyekundu, lakini nje ya boma letu hakuna anayejua ilikuwa rangi ya kucha. Nani alikuambia? Ni Hezron? Yuko hai? Niambie hilo moja tu, sikuombi kingine."

Protus alitamani kusema ndiyo. Akisema, atakuwa amevunja kiapo, na huyu dada atapiga simu kumtafuta, na kabla ya jioni Hezron atakuwa amekunja godoro lake akienda asikojulikana, safari hii moja kwa moja. Asiposema, atamwacha mtu amesimama hivi mbele yake. Aliona uchungu wa kweli, akajichukia kidogo, na kofia yake akaiona ya kipuuzi kwa mara ya kwanza.

"Dada," alisema hatimaye, "visa ninavyopewa sisemi ni vya nani. Nikisema, nitampoteza aliyenipa, nawe utampoteza pamoja nami."

Machozi yakamtoka Rosebellah bila kelele, kwa maana mtu aliyekufa hapotei mara ya pili, naye alikuwa ameelewa.

Udadisi wa Protus ukaamka hapo, na safari hii ulimfaa. "Lakini nipe chako," alisema. "Wewe ulikuwa wapi siku ile? Baada ya miwa kulikuwaje?"

Rosebellah akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasimulia yote. Protus aliuliza maswali mpaka chakula kikapoa. Alipomaliza, Protus alimwambia kama anavyowaambia wote kwamba jina lake halitatajwa.

"Kwa nini lisitajwe?" Rosebellah alikuwa mkali ghafla. "Mimi sina aibu, kaka. Chukua na namba yangu. Akiuliza mtu yeyote, mwambie ni mimi."

Njia nzima ya kurudi Riyadh Protus alikuwa akinong'ona na kupiga gitaa kwa kidole kimoja. Bonface alimuuliza kama ni homa. Protus alimjibu kwamba anajifunza kuwa mwanamke, na Bonface akaamua kuangalia barabara.

Ijumaa ilipofika alijifunga leso kiunoni na nyingine juu ya kofia, akatangaza kwamba leo yeye ni bibi arusi. Watu walianza kucheka kabla ya gitaa. Aliimba kwamba alikuwa na mahari nzuri, na kaka mpumbavu mwenye ndoto kubwa, akaimba jinsi alivyotafuta rangi yake ya kucha nyumba nzima huku fahali akikimbia nayo. Fred alikuwa ameshalala chini anapiga ardhi ngumi. Protus aliimba wakwe walivyokuja boma kwa hasira, wakapewa viti, wakaanza hotuba. Na jua lilipokuwa likishuka, wote wakiwa bado wanabishana, lango likasukumwa. Fahali akaingia polepole, anatafuna, pembe bado nyekundu, akaenda kusimama mahali pake. Mzee wa wakwe alimtazama, akacheka mpaka fimbo ikamwanguka. Arusi ikafanyika, nyama ikaliwa, na mahali pa kaka pakakaa kiti kitupu.

Kisha ubeti wa mwisho. Vicheko vilikuwa bado vinaruka huku na huku, Protus akapunguza sauti ya gitaa.

"Ndume alirudi jioni ileile," aliimba. "Mama akampa jina la mwanawe, apate la kuita langoni jua likishuka. Ndume huitika. Mwenye jina, bado."

Wengine walipiga makofi, wengine wakaguna. Kule langoni hapakuwa na sauti. Protus hakuthubutu kuangalia huko. Akasikia hatua kwenye changarawe, akajiambia kwamba ndiyo hivyo, mtu anakwenda kukunja godoro.

Hatua zilisimama mbele yake. Hezron alikuwa na sare yake ya ulinzi.

"Arusi ilifanyika?"

"Ilifanyika, ndugu yangu."

"Huo wimbo umepewa na nani?"

Bweni zima liligeuka, maana kila mtu alijua swali hilo huwa halijibiwi. Protus alivua leso, akavua na kofia.

"Rosebellah," alisema. "Aliniambia nimtaje."

Hezron aliangalia lango lake, ambalo kwa mara ya kwanza halikuwa na mlinzi. Protus alikuwa ameshabonyeza namba. Alimpa simu, na Hezron akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea sahani ya moto. Simu iliita. Ikapokelewa. Hezron alifungua mdomo mara mbili na pumzi tu ikatoka.

Huko Jeddah sufuria zilikuwa zikigongana, na mtoto wa watu alikuwa analia. Halafu sauti ya mwanamke ikaja, nayo ikasikika hata kwa Fred aliyekuwa chini.

"Hezron? Kwanza nirudishie rangi yangu ya kucha."

Hezron aliketi pale pale kwenye changarawe, anacheka, analia, anasema dada, dada. Protus aliweka gitaa ukutani, akaenda kumshikia lango.